Verna Wanane wa Bergdal

Fundi Gaylen Rud alitoka kinyumenyume ndani ya kabati la mifagio, magoti yamejaa vumbi, akaitazama ofisi nzima ya wapima ardhi ya Tollefson kama mtu aliyeibiwa kuku, kisha akauliza:

"Verna ni nani hapa?"

 Kwetu Bergdal kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu, kwa hiyo watu waligeuza viti vyao kidogo kidogo mpaka vyote vikaelekea meza ya mapokezi.

"Ni mimi," alisema Verna Skogmo, akavua miwani.

"Hongera, mama. Uko kwenye kompyuta nane kwa mpigo. Saa mbili na robo asubuhi ya leo umeingia mara nane, na saa hiyohiyo ulikuwa mlangoni unanikaribisha kahawa."

Gaylen alitoka Fargo, mji mkubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na watu wa huko wana tabia mbaya ya kusema walichokiona. Alingoja mtu acheke. Dwight Aasen, mpima mkongwe mwenye ndevu za kijivu, aliinamia kikombe chake akakichunguza kama amekiona leo kwa mara ya kwanza. Mwingine akagundua kwamba penseli yake haina ncha. Ndani ya chumba cha bosi, Curtis Tollefson alisimama, akausukuma mlango wake taratibu mpaka ukabaki wazi kiasi cha sikio.

Huyo Verna alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiti kilekile. Alizaliwa kwenye shamba la ngano, binti wa tano katika nyumba ambayo mtoto akiungua kidole alikwenda kulia ghalani ili asiharibie wengine chakula. Aliolewa na Harlan, dereva wa greda la kusukuma theluji, mwanamume mwema wa maneno kumi kwa siku. Harlan alikufa kama alivyoishi: asubuhi moja ya Januari aliliegesha greda kando ya barabara, akazima injini, akawasha taa za tahadhari ili magari mengine yapite salama, ndipo moyo wake ukasimama. Kwenye mazishi watu walisifu sana zile taa.

Verna hakupata mtoto. Alichopata ni ofisi. Alianza na taipureta enzi za mzee Tollefson. Curtis alipokuja na digrii yake ya chuo, Verna ndiye aliyemfundisha kukunja ramani isichanike. Kompyuta zilipoingia, hakuna aliyemteua kuzilinda. Kabati la mifagio lilikuwa nyuma ya kiti chake, na kompyuta kubwa ya kutunzia kazi ikawekwa humo, kati ya ndoo ya deki na sanduku la mapambo ya Krismasi. Wakaiita Ole. Michoro yote, mipaka yote, barua zote za ofisi zilikaa tumboni mwa Ole, na kila mtu mezani kwake alimwendea Ole kuchukua na kurudisha.

Sasa, Ole alikuwa na daftari lake la majina na maneno ya siri, na kompyuta za mezani nazo zilikuwa na ya kwao. Mambo yalikuwa shwari maadamu neno lako la mezani lilifanana na lile alilolijua Ole. Kisha kampuni ya bima ikaleta amri: kila miezi mitatu, kila mtu abadilishe neno la siri. Kompyuta za mezani zikatii. Zikamlazimisha kila mtu kuandika neno jipya. Ila Ole, kule gizani kwenye ndoo, hakuna aliyempa habari. Asubuhi mtu anafungua kompyuta yake vizuri tu, anamwendea Ole kuchukua mchoro, Ole analinganisha neno na la kwake, anaona hayaendani, anafunga mlango. Halafu anakuletea kidirisha kidogo kinachouliza: basi wewe ni nani?

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuliko ya mafua. Unatoka mezani kwako, hatua kumi na mbili, unaingia kabatini, unamwandikia Ole neno lako jipya, unarudi. Ila mlango wa kabati haukufunguka bila Verna kuinuka kwenye kiti, na nyonga ya kushoto ya Verna ilikuwa imeisha.

Hapo ndipo uungwana wa Bergdal ulipoharibu kazi. Kwetu mtu akiangukiwa na mti, neno lake la kwanza ni kwamba hataki kumsumbua mtu. Ukimkaribisha keki atakataa, utamkaribisha tena atakataa tena, na ya tatu ndiyo anapokea, eti kwa kukuridhisha wewe. Akikubali mara ya kwanza ni mlafi. Akikataa ya tatu, hapo ni ugomvi, na vizazi viwili vitasimuliana. Sasa watu wa namna hiyo watamwambiaje mama mwenye nyonga mbovu, inuka nipite?

Wa kwanza kukwama alikuwa Dwight, miaka minne nyuma.

"Usiinuke, Verna," alisema. "Wala si kitu. Nitangoja."

"Unangoja nini?"

"Aah, nitangoja tu."

Alingoja mpaka saa sita mchana, mikono mapajani, akikitazama kile kidirisha kinachomuuliza yeye ni nani. Verna akamwonea huruma. Akaandika jina lake na neno lake la siri kwenye kikaratasi cha njano, akampa. Leo tu, akamwambia. Neno lake lilifanana pande zote mbili sikuzote, kwa sababu yeye alikuwa anainuka. Dwight akalijaza kwenye kidirisha, Ole akamkumbatia. Wiki iliyofuata kikaratasi kilikuwa kimebandikwa chini ya bakuli la peremende pale mapokezi, na watu wakawa wanapenda peremende kupita kiasi. Kila Verna alipobadilisha neno, alibadilisha na kikaratasi. Baada ya mwaka, Ole hakuwa na mgeni mwingine. Wapima, mchoraji, bosi mwenyewe, wote walikuwa Verna.

Alijua? Alijua sana. Alijiambia kwamba wema hauozi, na tena aliona raha kidogo, nadhani, kuwa na faida. Mwanamke akikaa miaka thelathini na mmoja mahali ambapo asante yenyewe husemwa kwa kutikisa kichwa, hata kuibiwa jina kunaweza kufanana na kupendwa.

Sasa turudi kwa Gaylen na magoti yake. Hakuitwa kutoka Fargo kuja kuhesabu akina Verna. Aliitwa kwa sababu michoro ya Ziwa Vermund ilikuwa imetoweka. Kazi ya miezi mitano: mipaka ya viwanja vyote kuzunguka ziwa, iliyotakiwa na kaunti mwisho wa Februari kwa ajili ya barabara mpya. Ijumaa asubuhi Dwight aliifungua folda asiikute. Nakala ya akiba haikuwepo, kwani mashine ya kuhifadhia nakala ilikufa Oktoba na Curtis akasema mpya isubiri. Kazi yote ingebidi irudiwe, na theluji imefika kiunoni.

"Folda haikupotea, ilifutwa," alisema Gaylen, akifungua karatasi aliyoichapisha. "Alhamisi, saa nane na dakika arobaini mchana. Jina: Verna. Kutoka meza namba tano. Na palipokuwa na ziwa sasa pana video kumi na tisa za mashindano ya pikipiki za theluji."

Meza namba tano ilikuwa ya Kip. Kip Ostlund alikuwa kijana wa miaka thelathini kutoka Minneapolis, mume wa binti wa Curtis, aliyeletwa ofisini miezi sita nyuma ajifunze kazi, na hadi siku hiyo alikuwa amejifunza mahali peremende zinapokaa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Kip aliitazama ile karatasi mkononi mwa Gaylen, kisha akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Hakukuwa na fumbo hapo. Alhamisi saa nane na dakika arobaini ofisi nzima ilikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kwenye chakula cha mazishi ya mzee Palmer Engen, mpiga kinanda. Kip peke yake aliachwa ashike simu. Verna alikuwa amesimama kwa nyonga yake moja na nusu, aproni kiunoni, anamimina kahawa ya mayai, ile inayochemshwa na yai ili isiwe chungu, kutoka birika la vikombe sitini. Kila aliyekuwa katika chumba kile alinyweshwa na mkono wake. Curtis alichukua vikombe viwili, na sandwichi tatu za nyama ya nguruwe, baada ya kuzikataa ipasavyo.

Basi palikuwa na watu sita wenye ushahidi wa kutosha kumwokoa mtu kwenye kitanzi, na ushahidi wenyewe ulikuwa bado tumboni mwao. Gaylen aliwaangalia mmoja mmoja.

"Theluji itaongezeka jioni," alisema Dwight.

"Ndivyo redio ilivyosema," mwingine akajibu.

Curtis akatoka chumbani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. "Tukushukuru, Gaylen. Muhimu si kutafuta mtu. Muhimu tumejua kwamba ilifutwa kwa jina la Verna."

"Kutoka meza namba tano," alisema Gaylen.

"Meza haifuti kitu. Mtu ndiye anayefuta."

"Hapo umesema kweli kabisa," alisema Gaylen, akimtazama Kip.

Alisema angeweza kulinganisha maneno yote ya siri kwa nusu saa, kila mtu apite kabatini aandike la kwake. Curtis akasema isiwe tabu, labda wiki nyingine. Gaylen aliinua mabega. Kabla ya kuondoka aliinama mezani kwa Verna, akamwonyesha hatua zote kwenye karatasi: wapi pa kubadilisha, wapi pa kufuta, wapi pa kuangalia nani ameingia kwa jina la nani.

"Mama, unataka ushauri wa bure?" akamwambia. "Leo hii, kabla hujala chakula cha jioni, badilisha paswadi yako. Halafu usiiandike popote."

"Watakwama wote."

"Ndiyo dawa yenyewe. Hapa hakuna ugonjwa wa kompyuta. Mtu anayeogopa kuomba mlango ufunguliwe, na kuiba haogopi, huyo ana ugonjwa gani?"

Verna akamfungia keki ya karanga ale njiani. Gaylen alipokea mara ya kwanza, mshenzi kabisa.

Jioni, kwenye maegesho, Dwight alimkuta Verna anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Akachukua kikwangulio mkononi mwake, akakwangua kioo chote cha mbele na cha nyuma bila kusema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiitazama tairi:

"Sote tunajua si wewe."

"Najua mnajua."

"Basi ndo hivyo. Nilitaka ujue."

"Kamwambie Curtis."

Dwight alihema, mvuke ukamfunika uso. "Unajua alivyo siku hizi, Verna. Mambo mengi. Sitaki kumsumbua."

Alimrudishia kikwangulio, akampapasa bega mara mbili, akaenda zake. Alikuwa ameandika jina la Verna kwenye kidirisha cha Ole kila asubuhi kwa miaka minne, na sasa alikuwa amemlipa kwa kukwangua vioo viwili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Dwight alikuwa ameubeba kwa macho tu.

Jumanne Curtis alimwita chumbani na kumkalisha kwenye kiti cha wageni, ambacho Verna alikuwa amekifuta vumbi miaka yote bila kukikalia. Mezani palikuwa na sahani ya keki.

"Karibu keki, Verna."

"Hapana, nimeshiba."

"Kipande kidogo tu."

"Asante, hapana, kweli."

Curtis hakumkaribisha mara ya tatu. Hapo Verna akajua kwamba kinachokuja ni kibaya.

"Kaunti wanataka maelezo kwa maandishi," alisema Curtis. "Wanataka waambiwe ni nani na tumemfanyaje. La sivyo kazi wanaipeleka kwingine. Sasa, nilikuwa nafikiri. Wewe na hiyo nyonga. Umefanya kazi sana. Pengine ungependa kupumzika mapema kidogo, tuseme mwisho wa mwezi. Tungekufanyia sherehe. Halafu kwenye barua tungesema tu kwamba mfanyakazi wetu, kwa bahati mbaya... unajua, na sasa amestaafu. Hawatauliza zaidi."

Alikuwa anamwangushia jumba bovu, na alikuwa analiangusha kwa upole kama anayemfunika mtoto shuka.

Tatizo la Verna halikuwa sherehe. Nyonga yake ilikuwa imepangiwa kupasuliwa tarehe kumi na tatu Aprili, na bima ya matibabu ilikuwa ya ofisi. Ukitoka ofisini, bima inakatika mwisho wa mwezi. Bima ya serikali kwa wazee ingemfikia baada ya miaka minne. Miaka minne kwa mguu ule maana yake ni kiti cha magurudumu kwenye nyumba yenye ngazi tisa. Curtis alilijua hilo. Fomu za bima alizitia sahihi mwenyewe.

"Na upasuaji wangu?" Verna aliuliza.

"Ndiyo, hilo. Tutaliombea." Curtis akasogeza sahani. "Silazimishi, Verna. Ni ombi tu. Ungetusaidia."

"Nisingependa, Curtis."

"Naelewa. Kabisa naelewa. Ila fikiria Kip na yule mtoto anayekuja."

"Nimefikiria. Nisingependa."

Hizo zilikuwa mbili. Curtis aliegemea mbele, mikono pamoja, na akaomba mara ya tatu, polepole, kwa uhakika wa mtu aliyekulia mahali ambapo ya tatu haijawahi kukataliwa. "Kwa ajili ya ofisi, Verna. Kwa ajili ya baba yangu, Mungu amrehemu."

Verna aliisikia hasira ikimpanda kutoka kwenye ile nyonga hadi shingoni. Alikuwa amezoea kuichukua hasira yake na kwenda kuikandia unga. Safari hii hapakuwa na unga. Aliinuka kwa kushika meza.

"Barua anaiandika nani?" aliuliza.

Curtis alitabasamu kwa faraja. "Si wewe? Barua zote unaandika wewe."

Naapa, huyo mtu hakuona ubaya wowote hapo. Mnyongwaji asokote kamba mwenyewe, kwa kuwa mikono yake inajua kusokota.

Verna alirudi mezani, akavaa miwani, akaandika. Hakutukana. Hakuzidisha. Aliandika kama alivyoandika barua zote za ofisi ile, aya fupi, tarehe kamili. Kwamba michoro ya Ziwa Vermund ilifutwa Alhamisi saa nane na dakika arobaini mchana kutoka meza namba tano, inayotumiwa na bwana Kip Ostlund, mkwe wa mwenye kampuni, ili apate nafasi ya kuweka video kumi na tisa. Kwamba ilifutwa kwa jina la Verna Skogmo, ambalo wafanyakazi wote, mwenye kampuni akiwemo, wamekuwa wakilitumia kwa miaka minne kwa sababu ya kutolinganisha maneno yao ya siri. Kwamba saa hiyo Verna Skogmo alikuwa anammiminia mwenye kampuni kikombe cha pili cha kahawa kanisani, mbele ya watu wapatao mia moja na hamsini. Kwamba kampuni inaomba radhi na inaomba muda hadi katikati ya Aprili. Akaambatanisha karatasi ya Gaylen. Chini akaacha nafasi ya sahihi: Curtis Tollefson, Mwenye Kampuni.

Akaipeleka.

"Usome kabla hujatia sahihi," alimwambia.

Curtis alikuwa tayari ameshatoa kalamu. "Verna, barua yako nisome ya nini? Mimi nakuamini."

"Hii isome."

"Najua ni ngumu kwako," alisema Curtis kwa huruma, akatia sahihi, akaipuliza wino ukauke. "Sitaki kukuongezea aibu kwa kuisoma mbele yako."

Alikuwa ameambiwa mara mbili. Verna aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka posta mwenyewe kwa miguu, akichechemea juu ya barafu. Aliporudi alimfungua Ole, akabadilisha neno lake la siri pande zote mbili kama Gaylen alivyomwelekeza, akakibandua kikaratasi cha njano chini ya bakuli la peremende, akakichanachana.

Jumatano asubuhi watu wakaingia, wakavua makoti, wakawasha kompyuta. Ole akawauliza: basi wewe ni nani? Wakamjibu kwamba wao ni Verna. Ole akakataa. Wakajaribu tena, polepole zaidi, pengine vidole vimeteleza. Mmoja akaja kuchukua peremende, akaliinua bakuli kidogo, akaliweka chini, akarudi na peremende asiyoitaka.

Hakuna aliyeuliza. Jumatano nzima ikapita. Alhamisi nayo. Ofisi ya wapima ardhi wanane ilikaa siku mbili kamili mbele ya vioo vya kompyuta, mikono mapajani, ikinywa kahawa na kuzungumzia baridi. Dwight alichonga penseli zote za jengo. Kip alilala. Kila saa mtu alipita mbele ya meza ya Verna, akasimama, akasema "Haya basi," akaenda zake. Verna alikuwa anatarizi kitambaa, na alikuwa tayari kuinuka kwa yeyote ambaye angefungua mdomo akamwomba. Alitamani hata mmoja aombe. Hakupatikana.

Ijumaa saa nne simu ililia. Alikuwa bibi Marlys Quam, mkuu wa barabara wa kaunti, mwanamke mwenye sauti ya msumeno.

"Nipe Curtis," alisema. "Na wewe Verna, umeandika vizuri."

Verna akaunganisha simu. Kupitia mlangoni ilisikika sauti ya Curtis ikisema ndiyo, ndiyo, barua ipi, ndiyo, naona, nilitia, ndiyo sahihi ni yangu.  Kisha ndiyo nyingine nane au tisa, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

Alitoka nje uso umekuwa mwekundu mpaka kwenye kipara. Ofisi yote ikaangalia penseli.

"Ungeniambia, Verna."

"Nilikwambia usome."

"Umeniaibisha mbele ya kaunti."

"Mimi nimeandika. Aliyesema ni wewe, sahihi yako ipo." Sauti yake ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Na nina hasira, Curtis. Nimekukasirikia sana. Na hawa wote nimewakasirikia."

Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa katika jengo lile. Mchoraji aliangusha rula. Dwight alifumba macho, na Kip, Mungu amsaidie, alikwenda chooni akakaa humo hadi saa sita.

Curtis alijipangusa kipara. Kaunti ilikuwa imewapa muda hadi katikati ya Aprili, na kuuliza kwa msumeno ule kama huyu aliyeandika barua atakuwepo. Kumfukuza kungehitaji barua nyingine, na hiyo angeiandika nani?

"Bima yako," alisema mwishowe, "hakuna atakayeigusa. Hadi utakapostaafu mwenyewe, siku utakayopenda wewe."

"Niandikie."

"Andika tu, nitatia sahihi."

"Hapana," alisema Verna. "Hiyo utaandika wewe."

"Muundo wa barua za ofisi uko kwa Ole. Na Ole ananikataa tangu juzi."

"Basi omba."

 Curtis aliangalia mlango wa kabati nyuma ya kiti, akaangalia ile nyonga, akaangalia watu wake sita waliokuwa hawamwangalii. Jasho lilimtoka mwanamume yule, na nje ilikuwa baridi ya kupasua mawe.

"Verna," alisema, "naomba uinuke nipite."

Akainuka. Ilimchukua muda, na iliuma, na hakuificha. Curtis alipiga magoti kwenye vumbi kati ya ndoo na mapambo ya Krismasi, akaandika jina lake mwenyewe na neno jipya la siri, akakosea, akaandika tena. Kisha alikwenda kuketi kwenye kompyuta yake, akaanza kuitafuta herufi moja moja kwa vidole viwili. Aya tatu zilimchukua mpaka saa nane mchana. Verna aliipokea barua yake amesimama, akavaa miwani, akaisoma yote neno kwa neno, na kwenye aya ya pili, pale palipoandikwa kwamba bima itaendelea endapo hali itaruhusu, akaweka kidole, akamrudishia akaandike upya.